Kireno cha Ureno, cha Brazil au cha Msumbiji: kipi kinakufaa?

Ukishaamua kujifunza Kireno, kuna uamuzi wa pili: cha wapi? Mara nyingi kitabu au programu ya simu hukuchagulia bila kukuuliza. Duolingo hufundisha Kireno cha Brazil. Kozi za Instituto Camões, taasisi ya serikali ya Ureno, hufuata cha Ureno. Kile kilicho karibu nasi kuliko vyote, kinachozungumzwa ng'ambo ya mto Ruvuma, kina vitabu vichache sana vilivyoandikwa kwa ajili ya mgeni. Matokeo yake mtu wa Mtwara mwenye biashara Pemba, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, hujifunza kuongea kama mtu wa São Paulo, kisha akifika hushangaa kwamba anaelewa nusu tu.

Niseme msimamo wangu mapema, ili usome mengine ukijua ninaposimama. Kama huna mpango wa kusoma Brazil wala kuishi Ureno, anzia Msumbiji. Si kwa sababu ni jirani tu. Kireno cha Msumbiji kimepita katika vinywa vya watu ambao lugha zao za nyumbani ni ndugu wa Kiswahili, na jambo hilo litakupunguzia safari kuliko unavyodhani. Lakini wako watu ambao ushauri huu hauwafai kabisa, na nitawataja.

Lugha moja, njia tatu

Kireno kilizaliwa kaskazini magharibi mwa Rasi ya Iberia kutokana na Kilatini cha mitaani kilicholetwa na Dola ya Kirumi. Katika karne za kati kilikuwa kitu kimoja na Kigalisia, ambacho hadi leo kinazungumzwa Hispania. Mfalme Dinis, aliyeanzisha chuo kikuu cha kwanza cha Ureno mwaka 1290, anakumbukwa pia kwa kukipa Kireno nafasi ya Kilatini katika hati za serikali. Sarufi yake ya kwanza, ya Fernão de Oliveira, ilichapwa mwaka 1536. Wakati huo lugha yenyewe ilikuwa imeshapanda merikebu. Vasco da Gama alikuwa amepita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Pedro Álvares Cabral alikuwa amefika Brazil mwaka 1500.

Kwenye pwani yetu Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Waliacha ngome na maneno kadhaa. Kaskazini mwa Ruvuma lugha yao haikupata mahali pa kuota, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari kinafanya kazi zote ambazo lugha ya biashara ya pwani hufanya.

Brazil mambo yalikwenda tofauti kabisa. Kwa zaidi ya karne mbili sehemu nyingi za nchi hiyo zilizungumza lugha iliyotokana na Kitupi cha wenyeji, mpaka Marquês de Pombal alipoipiga marufuku katika miaka ya 1750 na kulazimisha Kireno. Mamilioni ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi kutoka Angola na Kongo, walijifunza Kireno mashambani na migodini, wakakiachia maneno na mwendo wao. Utumwa ulifutwa mwaka 1888. Leo Brazil ina watu milioni 203 kwa sensa ya 2022, na karibu wote Kireno ndicho lugha yao ya kwanza. Ureno yenyewe ina watu milioni 10 hivi.

Msumbiji ndiko hadithi inakotuhusu zaidi. Wareno walikaa huko karne nyingi, lakini lugha yao ilibaki ya ngome, bandari na ofisi. Chini ya sheria za kikoloni Mwafrika alitakiwa, pamoja na masharti mengine, ajue Kireno ili ahesabiwe kuwa raia kamili, na waliofaulu walikuwa wachache mno. Nchi ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, zaidi ya asilimia 90 ya watu hawakujua kusoma. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kimeunganisha wapiganaji wa Kimakonde, Kimakua, Kisena, Kitsonga na wengineo. Kikaamua kwamba lugha ya mkoloni ndiyo itakuwa lugha ya taifa zima, ili kabila lolote lisijione limewekwa juu ya jingine. Tanzania ilikabili swali hilohilo ikiwa na Kiswahili mkononi. Wenzetu hawakuwa na lugha iliyofika kila kona ya nchi yao.

Kwenye sensa ya 1980, aliyekuwa na Kireno kama lugha ya kwanza alikuwa mtu mmoja hivi kati ya mia. Kwenye sensa ya 2017 walikuwa wamefika takriban asilimia 17, na karibu nusu ya watu walisema wanakizungumza. Ukizisoma takwimu hizo vizuri utaona maana yake kwako: Wamsumbiji wengi utakaozungumza nao walikipata Kireno shuleni, juu ya lugha ya Kibantu, kama utakavyokipata wewe. Wanajua kumsubiri anayetafuta neno. Wanatamka silabi zote.

Sikio

Hapa ndipo tofauti inapomuumiza mwanafunzi. Wareno wa Ureno humeza irabu zisizo na mkazo. Neno *pequeno*, "dogo", Lisbon utalisikia kama "pkenu". *Telefone* inakuwa karibu "tlefon". Mtu aliyezoea Kiswahili, ambacho kila irabu hupewa haki yake, hupotea hata katika sentensi ambayo angeielewa vizuri kwenye karatasi. Wataalamu wengi wa historia ya lugha huona kwamba tabia hii ya kumeza irabu ilikolea Ureno baada ya Kireno kwenda Brazil, ndiyo maana Brazil irabu zimebaki wazi zaidi.

Brazil nayo ina mambo yake. *Ti* na *di* hugeuka "chi" na "ji" katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo *noite*, "usiku", husikika "noichi", na *bom dia* ni "bon jia". *R* ya mwanzo hulainika kuwa "h": *rua*, "mtaa", ni "hua". *L* ya mwisho huwa "u", nao wenyewe huita nchi yao "Braziu". Lafudhi hii ni tamu na rahisi kuikamata kwenye tamthilia, na sishangai vijana wengi huanzia hapo.

Maputo, *noite* ni "noite" na *rua* ni "rua", kwa *r* ya ulimi kama yetu, ilhali Lisbon *r* hiyo hutoka kooni, karibu na *gh* ya "ghali". Msemaji wa Kiswahili akisoma kwa sauti maandishi ya Kireno, baada ya kufundishwa kwamba *ch* ni "sh", *nh* ni "ny" na *o* ya mwisho huelekea "u", tayari anasikika kama mtu wa Msumbiji kuliko mtu wa kokote kwingine.

Kinachobaki kigumu kote kutatu ni irabu za puani. *Pão*, "mkate", ukiitamka bila pua inakuwa *pau*, kipande cha mti, na Brazil *pau* lina maana nyingine ya matusi. Jizoeze sauti hii mapema, na mwalimu akusahihishe kila mara, maana imo katika maneno mengi mno: *não, mão, irmão, coração*.

Heshima na kuomba

Kwangu hili ni zito kuliko matamshi, kwa sababu lafudhi mbovu husamehewa, utovu wa adabu husamehewa kwa shida.

Brazil mambo ni mepesi. Karibu kila mtu ni *você*, na mkubwa ni *o senhor* au *a senhora*. Ureno kuna ngazi. *Tu* ni kwa rafiki na ndugu. *Você*, ambayo Mbrazili huitumia bila wasiwasi, masikioni mwa Wareno wengi ina ukali, kwa hiyo mtu mzima huitwa kwa cheo au jina: *a doutora quer café?*, yaani unamuuliza daktari usoni pake kana kwamba unamzungumzia mwingine. Mgeni huhitaji muda kuizoea.

Msumbiji, sarufi ya darasani ni ya Ureno, lakini barabarani watu huitana kwa majina ya udugu. Mama wa sokoni ni *mamã*, mzee ni *papá* au *tio*, kijana mwenzako ni *mano*, dada ni *mana*. Huhitaji kufundishwa lini utumie lipi. Malezi uliyopewa Tanga, Lamu au Bukavu yanakutosha. Salamu nayo hutangulia shida: ukiingia dukani ukataja bidhaa kabla ya *bom dia, como está?* umeshaharibu.

Hata namna ya kuomba inafanana na yetu. Mtu wa Maputo husema *estou a pedir água*, neno kwa neno "ninaomba maji". Mtu wa Lisbon angesema *queria água, por favor*. Wamsumbiji wengi husema pia *fui dado*, kama sisi tunavyosema "nilipewa", muundo ambao sarufi ya Ureno haiukubali. Hapa uwe macho. Barabarani Nampula utaeleweka bila shida, kwenye mtihani wa Lisbon utapoteza alama. Ndiyo sababu hata anayechagua Msumbiji namshauri anunue kitabu cha sarufi cha Ureno. Shule, magazeti na mahakama za Msumbiji hufuata kanuni hiyo.

Kuna tofauti moja ya sarufi utakayokutana nayo mara moja. "Ninakula" Brazil ni *estou comendo*, Ureno na Msumbiji ni *estou a comer*. "Nipe" Brazil ni *me dá*, Ureno ni *dá-me*, na Msumbiji utasikia zote mbili.

Maneno ya kila siku

| Kitu | Ureno | Brazil | Msumbiji |
|---|---|---|---|
| basi | autocarro | ônibus | machimbombo |
| treni | comboio | trem | comboio |
| simu ya mkononi | telemóvel | celular | celular |
| kifungua kinywa | pequeno-almoço | café da manhã | matabicho |
| friji | frigorífico | geladeira | geleira |
| choo | casa de banho | banheiro | casa de banho |

Daladala au matatu ya Msumbiji ni *chapa*. Shamba ni *machamba*, kitenge ni *capulana*, na hayo mawili utayasikia kila siku ukiwa mashambani au sokoni.

Maneno ya kuogopa ni yale yanayobadilika maana ukivuka bahari. *Propina* Ureno na Msumbiji ni ada ya chuo, Brazil ni rushwa. Fikiria mzazi anayemwandikia ofisa wa chuo cha Brazil kwamba yuko tayari kulipa *propina*. *Rapariga* Ureno ni msichana tu, lakini sehemu nyingi za Brazil ni tusi kwa mwanamke. *Bicha* Msumbiji ni foleni, na Brazil ni neno la dharau kwa shoga. Na *fato* Ureno ni suti, ilhali Brazil ni jambo la kweli, ambalo Wareno huliandika *facto*.

Tahajia isikuumize kichwa. Mkataba wa mwaka 1990 ulikusudia nchi zote ziandike namna moja. Brazil na Ureno zinautumia. Angola na Msumbiji zimeendelea zaidi na maandishi ya zamani, kwa hiyo gazeti la Maputo linaweza kuandika *acção* na *director* pale Lisbon wanapoandika *ação* na *diretor*. Unasoma zote bila shida.

Vyeti na masomo

Anayetafuta cheti hana uhuru mkubwa wa kuchagua, kwa sababu vyeti viwili vinavyojulikana zaidi duniani ni vya Ureno na Brazil.

Vya Ureno hutolewa na CAPLE, kituo kilicho Chuo Kikuu cha Lisbon. Unachagua kiwango kabla ya kuingia: kwa ngazi za Ulaya, zinazopanda kutoka A1 hadi C2, CIPLE ni A2, DEPLE ni B1, DIPLE ni B2, na kuna viwili vya juu zaidi. Ukishindwa ulichochagua, hupewi cha chini yake. A2 ndiyo imekuwa ikitakiwa kwa mwombaji wa uraia wa Ureno, hivyo aliye na ndoa, kazi au mtoto huko anajua njia yake.

Cha Brazil ni Celpe-Bras, na mimi naona ni mtihani bora kwa namna ulivyotungwa. Wote hufanya karatasi moja, na kiwango hutokana na alama zako. Hakuna maswali ya kujaza nafasi za sarufi. Unatazama video, unasikiliza sauti, unasoma, kisha unaandika barua au maelezo kwa msomaji fulani kwa kusudi fulani, halafu unazungumza ana kwa ana kwa dakika 20. Kuna sababu nyingine ya kuuthamini: vyuo vikuu vya umma vya Brazil havitozi ada, na mpango wa serikali uitwao PEC-G huwapokea vijana kutoka nchi nyingi za Afrika kusoma shahada ya kwanza. Anayelenga huko asihangaike na Maputo wala Lisbon. Ajifunze Kireno cha Brazil tangu siku ya kwanza, pamoja na "chi" na "ji" zake zote, maana miaka yake minne au mitano itakuwa humo.

Pa kusikiliza na kusoma

Hapa Brazil inashinda kwa mbali. Tamthilia, mpira, mahubiri, mapishi, masomo ya bure ya lugha mtandaoni: vipo zaidi ya unavyoweza kumaliza. Ureno ina vifaa vichache lakini vilivyopangwa vizuri.

Kwa sauti ya Afrika kuna RTP África, Rádio Moçambique na televisheni ya TVM. Kuna pia njia ambayo nashangaa haitumiki zaidi. DW, ileile tunayoisikiliza kwa Kiswahili kutoka Bonn, ina idhaa ya Kireno kwa Afrika, na RFI vilevile ina Kiswahili na Kireno. Sikiliza habari kwa Kiswahili asubuhi, kisha tafuta habari hizohizo kwa Kireno. Tukio unalijua, majina unayajua, linalobaki ni lugha. Kwa mtu wa kiwango cha kati sijaona zoezi linaloinua usikivu haraka kama hilo.

Kwa hiyo, nani achague kipi

Mfanyabiashara wa Mtwara, Masasi au Songea hana haja ya kufikiri sana. Kwenye pwani ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na Mtwara, kule kwenye Kimwani, lugha iliyo karibu na Kiswahili, Kiswahili chake kitamfikisha mbali sokoni, na anaweza kudanganyika kwamba kinatosha. Kitakwama mlangoni mwa ofisi. Leseni ya biashara ni *alvará*, namba ya mlipa kodi ni NUIT, kibali cha mgeni kuishi ni DIRE, na fomu zote ni za Kireno. Ajifunze kwanza lugha ya ofisi na ya salamu, mengine atayaokota. Kama anaweza kupata mwalimu aliyekulia Msumbiji, na kusini mwa Tanzania watu hao wapo, amlipe huyo kabla ya kulipia programu yoyote.

Mfasiri au mkalimani ana soko ambalo halikuwepo zamani. SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, kwenye mkutano wa Dar es Salaam, kikakaa pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Umoja wa Afrika nao ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022, na Kireno kilikuwemo tayari. Wanaoweza kutoka Kiswahili kwenda Kireno moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza, bado ni wachache. Huyu ajenge sarufi ya Ureno mpaka DIPLE au zaidi, na masikio ayapeleke Maputo na Luanda, kwa kuwa wajumbe atakaowafasiria wanatoka huko.

Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi amwache Msumbiji kando na kutazama Angola. Reli ya Benguela hutoka bandari ya Lobito, hufika Luau mpakani, na huko huungana na reli ya Congo inayoingia Katanga. Madini na malori yanafuata njia hiyo. Kireno cha Angola kimeingia ndani ya nyumba kuliko cha Msumbiji: kwenye sensa ya 2014, asilimia 71 walisema wanakizungumza nyumbani. Watu huongea kwa kasi zaidi, na Luanda kuna maneno mengi ya Kikimbundu. Hata hivyo sarufi ni ileile ya Ureno, *estou a pedir* ipo, na majina ya udugu yapo. Daladala tu ndiyo inabadilika jina, inaitwa *candongueiro*.

Na anayekipenda Kireno bila kusudi maalumu, kwa ajili ya muziki au mpira, achukue cha Brazil bila kuomba radhi kwa mtu. Siku akivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ataeleweka vizuri, maana Wamsumbiji wamekua na tamthilia za Kibrazili sebuleni. Atakachohitaji ni wiki chache za kuzoesha sikio, kuacha *ônibus* akachukua *chapa*, na kujibiwa kwa *estou a* badala ya *-ndo*.